Wapare, neno "bure" na historia ya kujua kusoma



Najua nimepotea humu ndani. Test zilikuwa zimefuatana kama mabehewa ya treni, moja ikiisha nyingine hii hapa. Leo nimepata upenyo, na nina jambo limekaa kichwani wiki nzima. Ni la historia, lakini msikimbie, tarehe za kukariri zipo chache tu.

Dada yangu anaishi Msangeni, kule Ugweno, wilaya ya Mwanga. Kwa wasiopajua, ni Upare wa Kaskazini, unashuka stendi ya Mwanga halafu unaanza kupanda mlima mpaka masikio yanaziba. Mwanae yuko darasa la kwanza na silabi bado zinamchenga. Dada kapata simu ya kupangusa, sasa ananiambia: wewe si uko chuo, nitafutie hivyo vitu vya bure vya mtandaoni, vile mtoto anabonyeza herufi inaongea, ajifunze mwenyewe.

Sie Wapare mnatutania kwa ubahili, basi neno "bure" likitajwa lazima tulikague mara mbili mbili. Nikaanza kutafuta, nikajikuta naingia kwenye historia. Manake hii si mara ya kwanza milima yetu kuletewa kisomo cha bure pamoja na chombo kipya cha kufundishia. Imetokea zaidi ya mara moja, na kila mara kilichoamua mambo hakikuwa chombo. Yalikuwa maswali mawili: huyu aliyejua herufi leo atasoma nini kesho? Na nani atakaa amsikilize akisoma? Ngoja niwapeleke taratibu.

Kibao na kitabu kimoja

Wamisionari ndio walioanzisha shule za kusoma na kuandika Upare. Walutheri wa Leipzig waliingia Upare wa Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20, na Wasabato walifika Upare wa Kusini mwaka 1903, wakaweka kituo chao Giti. Chombo kilikuwa kibao cha kuandikia na silabi za kuimba kwa pamoja. Hakuna maajabu hapo. Lakini angalia walichofanya baada ya silabi: Ernst Kotz, mmisionari Msabato wa Kijerumani, alitafsiri Agano Jipya kwa Chasu, likachapishwa mwaka 1922.

Yaani mtu aliyejifunza herufi alipewa kitu cha kusoma maisha yake yote, kwa lugha anayoota nayo usiku. Kitabu kimoja, ndio, na kilikuwa na ajenda yake. Lakini kilisomwa nyumbani, kanisani, msibani, na siku zote kulikuwa na watu wanasikiliza. Kule Buganda Wakristo wa mwanzo waliitwa basomi, wasomaji. Kusoma na kuwa mfuasi vilikuwa kitu kimoja. Ukitaka kujua kwa nini wazee wetu wengi hawakusahau kusoma, anzia hapo. Walikuwa na cha kusoma kila Jumapili, au kila Jumamosi kwa Wasabato.

Upare kama shamba la majaribio

Sasa twende miaka ya 1940. Wengi mmeshasoma habari za mbiru, ile kodi ya kumpima kila mtu mali yake ambayo Wapare waliikataa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaenda kukaa Same, makao makuu ya wilaya, na baadaye wanawake nao wakaingia kwenye mapambano. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu na mwanahistoria mkubwa wa pale Mlimani, ameandika sana juu ya jambo hilo. Ilikuwa aibu kwa serikali ya kikoloni na mwishowe kodi ile ilirudishwa kabatini.

Wakati huohuo London kulikuwa na wazo jipya. Mwaka 1944 ilitoka ripoti ya serikali ya Uingereza iliyosema makoloni ya Afrika yafundishwe kwa umati, watoto na watu wazima pamoja, si wachache tu shuleni. Tanganyika ilipotaka kulijaribu wazo hilo, Upare ukawa moja ya sehemu za kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kukawa na mpango wa kisomo cha umati na maendeleo ya wilaya. Madarasa ya jioni, walimu wa kujitolea, na kazi za pamoja, ule msaragambo wetu wa siku zote ukapewa jina la kiserikali.

Lakini kilichonigusa mimi ni gazeti. Waliona haraka sana kwamba mtu akimaliza kitabu cha silabi hana kitu kingine. Sasa anasoma nini, ukuta? Ndipo likaja Habari za Upare, gazeti la Kiswahili la wilaya. Habari za kahawa, za mifugo, za shule, za mabaraza. Ebwana, fikiria umejua kusoma mwaka jana halafu mwaka huu unaona jina la kijiji chako kwenye karatasi iliyochapwa! Mtafiti mmoja wa historia, Emma Hunter, amelitumia gazeti hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 2015 kuonyesha jinsi watu wa kawaida walivyojadili siasa miaka ile kabla ya Uhuru. Kwa hiyo kisomo cha bure cha mkoloni kiliishia kuwapa watu jukwaa. Sidhani kama yule ofisa aliyekisaini alikuwa na mpango huo, hahaha.

1971: wilaya sita

Baada ya Uhuru mambo yakawa makubwa zaidi. Sensa ya 1967 ilionyesha karibu theluthi mbili ya watu wa Tanzania hawajui kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisha likatoka lengo la kufuta ujinga katika wilaya sita ifikapo mwisho wa 1971: Kilimanjaro, Ukerewe, Mafia, Masasi, Dodoma na... Pare! Tumo tena. Baada ya hapo kampeni ikaenda nchi nzima mpaka 1975.

Walimu walikuwa nani? Wengi walikuwa watu wa kujitolea, na hata wanafunzi wa shule ya msingi waliitwa kuwafundisha wazee. Vitabu vya kisomo vilitungwa kwa kazi za watu wenyewe, pamba, ng'ombe, uvuvi na kadhalika, ili neno la kwanza unalosoma liwe la kitu unachokishika kila siku.

Halafu kulikuwa na redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi. Kikundi kinakaa, redio inaongea, kuna kitabu mkononi, kuna kiongozi anauliza maswali, halafu mnatoka mnakwenda kuchimba choo. Leo tukisikia mtandao "unaoshirikisha" tunadhani ni jambo la jana. Lile lilikuwa shirikishi kuliko simu nyingi za leo, manake lilikuwa na majirani ndani yake.

Matokeo yakaonekana. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ulionyesha wasiojua kusoma wameshuka mpaka kama asilimia 39. Kufikia 1986 takwimu rasmi zilisema ni kama asilimia 10 tu. Dunia nzima ilitutolea mfano.

Na hapa ndipo mnisikilize vizuri wadau. Sensa ya 2002 ilikuta watu wazima wanaojua kusoma ni takriban 7 tu kati ya 10. Kutoka tisa kumrudia saba! Ni kweli vipimo havikuwa sawa, mtihani ni mtihani na sensa ni kuuliza mlangoni. Ni kweli pia uchumi ulianguka miaka ya 80, karo zikarudi shuleni na watoto wengi wakabaki nyumbani. Lakini kuna sababu nyingine waliyoiona wengi waliofuatilia elimu ya watu wazima: waliofuzu walisahau. Magazeti ya vijijini yalikuwa yameanzishwa, maktaba za vijiji nazo, kisha karatasi ikawa adimu, magari ya kusambaza yakakosa mafuta, rafu zikabaki na vumbi. Mtu aliyefuzu kisomo akakaa miaka kumi bila kuona ukurasa mpya. Kusoma ni kama njia ya shambani, usipoipita inaota majani.

Watoto wetu wa KKK

Karo ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, madarasa yakajaa pomoni. Kuandikishwa ni jambo moja na kujua kusoma ni jambo jingine. Mwaka 2010 Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Waligundua kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kuisoma. Mwaka 2012 tukasikia serikali yenyewe ikikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kidato cha kwanza hawajui kusoma na kuandika. Mnakumbuka kelele zake. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa masomo, nguvu ikaelekezwa kwenye KKK, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Jirani zetu wa Tanga na vile vishikwambi

Sasa tunafika kwenye swali la dada. Unajua kwamba moja ya majaribio makubwa kabisa duniani ya kumfundisha mtoto kusoma kwa programu za bure yamefanyika hapo jirani, ukishuka tu na reli kuelekea baharini?

Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, pesa zikitoka kwa Elon Musk. Kazi: tengenezeni programu itakayomwezesha mtoto asiye na mwalimu kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15. Sharti: mkifika fainali, programu iwe wazi na ya bure kwa kila mtu. Timu tano zikafika fainali, zikapewa dola milioni 1 kila moja, na zikaambiwa lugha ya mtihani ni Kiswahili. Google wakatoa vishikwambi 8,000. UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali yetu wakasimamia. Kuanzia mwishoni mwa 2017 mpaka mwanzoni mwa 2019, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga wakawa na kishikwambi mkononi, na vijijini ikafungwa mitambo ya jua ya kuchajia.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wakatangazwa, wakafungana: onebillion ya London na KitKit School yenye watu wa Korea Kusini na Marekani, kila mmoja dola milioni 5.

Kwa kweli nilipoisoma mara ya kwanza nilisisimka. Mtoto hana shule, hana mwalimu, anabonyeza, anasikia, anafuatisha, na anasoma! Hilo ni jambo kubwa, na asije mtu akalidharau. Hata kibao na redio havikuweza kumsubiri mtoto mmoja mmoja kwa mwendo wake, wala kumrudilia "ba" mara mia bila kukasirika.

Lakini soma tena: nusu. Nusu nyingine, baada ya mwaka na robo wa kifaa cha bure, umeme wa bure na programu bora kuliko zote duniani, bado hawakuweza kusoma neno. Na wale walioweza wangefanyaje siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na sita? Nyumbani ni kulekule ambako wengi hawakuwahi kusomewa kitu. Ni swali lilelile la 1950 na la 1986.

Jirani zetu Malawi wamejibu kwa namna yao. Serikali yao imeanza kuzisambaza tableti zenye programu ya onebillion, kwa Kichewa, ndani ya shule za msingi, kwa zamu, mwalimu akiwapo. Yaani hawakuichukua kama mbadala wa mwalimu, wameiweka pembeni yake.

Basi nimwambie nini dada?

Nimemwandikia hivi, na nanyi mnaweza kuwatumia wa kwenu.

Kwanza, lugha. Ukiandika tu kwenye simu "jifunze kusoma bure", vitakujia vingi vya Kiingereza. Vizuri, vina rangi, vinaimba. Starfall, kwa mfano, wako mtandaoni tangu 2002. Lakini Kiingereza kinaandikwa kivyake na kusomwa kivyake. Herufi "a" ina sauti hii hapa na ile pale, "e" wakati mwingine haisikiki kabisa. Kiswahili chetu kina heshima: "a" ni "a" Msangeni mpaka Mombasa. Mtoto akishika a e i o u na ba be bi bo bu, amebakiza kuunganisha tu. Ukimchanganyia mifumo miwili kabla hajasimama kwenye mmoja, unamchelewesha. Tena huyu wa kwetu nyumbani anasikia Kigweno na Chasu, Kiswahili chenyewe ni cha tatu. Kiingereza kina zamu yake, kisubiri.

Pili, vilivyopo. Vipindi vya Ubongo vinatengenezwa Dar es Salaam: Ubongo Kids ilianza kwenye televisheni mwaka 2014, na Akili and Me ni ya wadogo zaidi. Tena huyo Akili ni binti wa miaka minne anayekaa chini ya Mlima Kilimanjaro, yaani ni jirani, ukiwa juu kwetu siku isiyo na mawingu unamwona kwake. Kwa hadithi, African Storybook ya Afrika Kusini imekuwa wazi tangu 2014, ina hadithi nyingi za Kiswahili, fupi fupi, kwa ngazi, na unaweza kuzipakua.

Tatu, hiyo "bure". Hadithi ni bure, bando si bure. Video za nusu saa kila siku zitakula hela ya sukari. Ndiyo maana nimemwambia video aangalie kwa kipimo, na hadithi azipakue kwa mkupuo mmoja akishuka Mwanga siku ya soko, asome bila mtandao.

Nne, na hii ndiyo niliyoipigia mstari. Dakika kumi kila jioni, mtoto asome kwa sauti na mtu mzima asikilize. Si lazima asikilizaye awe msomi. Bibi yupo, anajua Mwimbieni Bwana kuanzia jalada mpaka jalada, mtoto akikosea ubeti atamshika tu. Kisha asome kila kilichopo: jina kwenye mfuko wa mbolea, kalenda ya kanisa, daftari la vikoba, ujumbe wa M-Pesa (hapo mama ahakikishe anasoma salio kwa sauti ya chini).

Tano, hili ni langu na lenu. Pale African Storybook mtu yeyote anaruhusiwa kuandika hadithi au kutafsiri iliyopo. Tuko chuoni, tunapata bumu, tunapata mtandao wa maktaba, na tunakaa nao usiku kuangalia mambo ambayo sitayataja hapa. Hadithi ya mtoto ina kurasa kama kumi na mbili, kila ukurasa sentensi moja au mbili. Kwa nini kusiwe na hadithi ya mtoto anayefuata maji, ya ngedere kwenye migomba, ya siku ya msaragambo, yenye jina la Msangeni ndani yake? Habari za Upare walilijua hilo zaidi ya miaka 70 iliyopita: mtu husoma sana pale anapojiona kwenye karatasi.

Wapo watakaosema mtoto wa siku hizi na simu, muache, atajifunza mwenyewe. Watoto wa Tanga wametuonyesha kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine imebaki kwetu, kama ilivyobaki kwa waliolifutika gazeti kwenye gunia la barua miaka ile likapandishwa milimani.

Mimi nimeshaanza moja, ya mbuzi aliyekula daftari. Wenye kujua Kigweno vizuri kuliko mimi, na najua mpo humu, nitafuteni mje tuitafsiri pamoja. Wasambaa, Wachaga, Wamasai wa Same, na nyie leteni zenu. Atakayekuwa na picha za kuchora kwa mkono aje mapema, manake mbuzi niliyemchora mimi anafanana na meza.

Haya, nirudi kwenye desa. Siku njema wapendwa.